Paramesiamu hupanda juu: jaribio la mvutano kwa bomba la sindano

Paramesiamu, kiumbe mdogo wa seli moja aishiye majini, akiachwa kwenye maji yaliyotulia hupanda juu, kinyume cha mvutano wa dunia. Kumwona juu ni rahisi. Kazi ni kuthibitisha kwamba hakufuata hewa, mwanga wala joto. Hadubini haihitajiki.

1. Kuzalisha. Chemsha gramu 5 za majani makavu ya ng'ombe katika nusu lita ya maji ya mvua kwa dakika 10. Yakishapoa, yaache siku mbili bakteria wazaliane, kisha ongeza ml 50 za maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba), yachotwe pale yanapotuama penye majani yaliyooza. Usichote chini ya shamba la kahawa lililopigwa mrututu karibuni, kwani ni dawa yenye shaba, na shaba huua viumbe wa seli moja. Tia punje 4 za mchele, funika kwa kitambaa. Mbu wakitaga humo, viluwiluwi watakula mavuno yako. Mjini Moshi siku 7 hadi 10 zinatosha. Arusha, Juni na Julai, hesabu wiki mbili.

Mulika kwa tochi ubavuni, nyuma weka karatasi nyeusi. Vidoa vyeupe vya kama robo milimita, vinavyoteleza polepole, ndio wenyewe. Vinavyorukaruka ni wadudu wengine wa majini.

2. Kuvuna. Jaza maji yenye paramesiamu kwenye chupa ya soda hadi chini ya shingo, shindilia pamba kidogo juu ya maji hayo, kisha mimina maji safi ya mvua taratibu. Baada ya dakika 30 hadi 60 wengi watakuwa wamepenya pamba. Wamepanda, ndiyo, ila bado si ushahidi: hewa nayo iko juu.

3. Kujaza. Chukua mabomba mawili ya ml 10. Vuta ml 8 za maji ya juu ya pamba kwa kila moja. La pili litie kwanza matone 2 ya siki ili waliomo wafe. Elekeza ncha juu, gonga kwa kidole, sukuma hadi hewa yote itoke, ziba kwa nta ya mshumaa. Kiputo kimoja kikibaki, anza upya.

4. Kupindua. Simamisha yote mawili kwenye glasi ya maji ya joto la chumba, funika kwa foili, subiri dakika 15. Walio hai watakuwa juu, wafu chini. Sasa yapindue, funika tena. Walio hai wakihamia juu mpya, basi si nta wala mpira wa bomba uliowavuta.

Wafu wanazama kwa sababu mwili wa paramesiamu ni mzito kuliko maji, na uzito huohuo ndio humpa habari. Akiogelea kwenda chini, uzito hukandamiza utando wa mbele, milango ya kalsiamu hufunguka na silia (vinyweleo anavyoogelea navyo) hupunguza kasi. Akielekea juu hukandamizwa nyuma, potasiamu hutoka, kasi huongezeka. Loxodes, jamaa yake, ana kifaa hasa: vifuko vyenye punje ya bariamu salfeti.

Wakitawanyika bila mpangilio, mara nyingi ni joto la mkono lililozusha mikondo ndani ya bomba. Lishike kwenye mpini tu. Usizidishe nusu saa kwa jumla, maana oksijeni ikipungua tabia yao hubadilika.