SOMO: Kunasa bomu bandia mchangani kwa sauti mbili

Wakuu, swali la "mbona sauti ya tofauti inatokea hata pasipofukiwa kitu?" limejibiwa mara nyingi mno. Sauti ya tofauti ni ile ambayo Hz zake ni za sauti moja kutoa za nyingine. Naweka hatua zote hapa. Ni kwa kopo lisilo na kilipuzi, ndani ya sanduku la mchanga tu.

Msingi: mfuniko wa bomu la plastiki unabonyea kuliko udongo uliolizunguka. Mtetemo ukishuka, udongo unaukandamiza mfuniko. Ukipanda, vinataka kuachana, maana havikugandishwa. Mgusano huo usiolingana kwenda na kurudi ndio unaochanganya sauti mbili na kuzaa ya tatu. Jiwe halibonyei, kwa hiyo linabaki kimya.

1. Jaza sanduku mchanga mkavu uliochekechwa.

2. Fukia kopo gumu la plastiki lililozibwa, lenye mfuniko mwembamba, sm 2 hadi 5 chini. Acha mchanga utulie.

3. Kila sauti iwe na amplifaya yake na spika yake. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Ukizichanganya kwenye kompyuta ukazipitisha spika moja, spika yenyewe itazaa sauti ya tofauti kabla mchanga haujaguswa. Kilele kitasimama vizuri kwenye grafu, kumbe ni cha spika. Amplifaya moja ya stereo nayo usiihesabu kuwa mbili, kwa sababu pande zake zinakula umeme wa chanzo kimoja. Spika zisikae ubao mmoja wala kugusa sanduku. Kabla ya kuendelea, ning'iniza maikrofoni juu ya mchanga, washa zote mbili kwa nguvu utakayotumia. Sauti ya tofauti ikisikika hewani, SIMAMA, rekebisha kwanza. Kisha pima kwa jiofoni (kifaa cha kupima mtetemo wa ardhi) mchanga usiofukiwa kitu. Hapo kidogo kitaonekana, maana chembe za mchanga nazo zinachanganya. Andika kiwango hicho, ndicho utakacholinganisha.

4. Vaa vizuia masikio. Pitisha sauti moja kutoka 50 hadi 500 Hz juu ya kopo, utafute kilele, yaani Hz ambazo mchanga unatetemeka zaidi. Tumia nguvu ileile ya kazi: ukiongeza nguvu, kilele hushuka.

5. Chagua sauti mbili, moja kila upande wa kilele. Kilele kikiwa 130, tumia 117 na 144. Tazama 27 (tofauti), 261 (jumla), 90 na 171 (mara mbili ya moja kutoa nyingine). Ukichagua 120 na 140, moja ya zao lake ni 100, na umeme wa 50 Hz unayo tayari.

6. Rekodi kwa jiofoni sekunde 10 kila nukta, ukisogea sm 2.

7. Ongeza sauti moja tu kwa desibeli 6. Kilele cha 27 kinapaswa kupanda karibu desibeli 6. Ongeza zote mbili, kinapaswa kupanda karibu 12. Kisipofuata hivyo, rudi hatua ya 3.

Swali: Nina spika moja tu, haiwezekani?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Kuna eneo huku lina mabomu kweli, nikajaribu?
Jibu: Hapana. Usikanyage. Toa taarifa kwa mamlaka, waje wataalamu wa kutegua.

Swali: Kwa nini tusitumie sauti moja tu, tukatazama mara mbili yake?
Jibu: Swali zuri sana mkuu. Spika yoyote ikipewa 117 hutoa na 234 yenyewe, huwezi kujua imetoka wapi. Lakini 27 haizaliwi mpaka 117 na 144 zikutane mahali pamoja panapochanganya. Ukiwa umetenganisha vifaa, mahali hapo ni ardhini.

Swali: Chupa tupu iliyofukiwa?
Jibu: Ikibonyea, nayo italia. Njia hii inatafuta kitu kinachobonyea, haijui kama ni bomu.

Swali: Kilele changu kinahama kila nikisogeza jiofoni.
Jibu: Uzito wa jiofoni unaukandamiza mchanga laini juu ya mfuniko. Tafuta nyepesi zaidi.
Nyongeza ya mwanachama: Mwenye vaibromita ya leza (inapima mtetemo kwa mwanga bila kugusa), mchanga mkavu ukirudisha mwanga hafifu, weka kipande kidogo cha utepe unaong'aa pale doa la leza linapotua.