Tembe ya Wagogo: anza na paa

Ukipita vijijini Dodoma na unataka kuitambua tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, usianze na ukuta, angalia paa. Liko bapa, udongo umelazwa juu ya fito na boriti, na pale ukingoni utaona ncha za miti zimechomoza nje. Mvua kule ni kama milimita 600 tu kwa mwaka ndo maana udongo unadumu juu, na ule unene unazuia jua, ndani kunakuwa na ubaridi mtamu sana, aisee wazee walijua kujenga! Uzito wote unabebwa na nguzo za panda, yaani miti iliyogawanyika juu kama Y. Ila wakishaezeka bati njia hii inagoma, hapo angalia umbo, nyumba ya chini ndefu imezunguka ua wa ng'ombe.