Somo: Bluzi ya kasi kwa saksofoni ya alto, mtindo wa bibopu (jazi ya kasi ya miaka ya 1940)

Kwenye mapigo 220 kwa dakika, wengi hushindwa na ulimi kabla ya vidole. Tupige bluzi ya F. Charlie Parker, mpiga alto wa bibopu, alirekodi mbili za ufunguo huo siku moja, 26 Novemba 1945. Noti za saksofoni huandikwa tofauti na zinavyosikika: kwa F hiyo, mwenye alto anasoma D, mwenye tenori G. Noti zote hapa ni za alto.

1. Kariri kodi (noti zinazopigwa pamoja) za baa 12, kila baa mapigo manne:
D7 | G7 | D7 | Am7 D7
G7 | G♯dim | D7 | F♯m7 B7
Em7 | A7 | D7 B7 | Em7 A7

2. Shika vivuko viwili. Kutoka baa ya 4 kuingia ya 5, F♯ ishuke F. Kutoka ya 8 kuingia ya 9, D♯ ishuke D. Noti hizo zikianguka kwa wakati wake, bluzi inasikika hata bila piano.

3. Shuka D, C♯, C, B, A, G, F♯, E. C♯ imeongezwa makusudi: ukianza D juu ya pigo, noti za kodi (D, C, A, F♯) zote zinakaa juu ya mapigo. Ukianza na B juu ya pigo, mpango unapinduka. B ianze katikati ya mapigo.

4. Hapa ndipo penye kazi. Ulimi uguse mwanzi (kile kipande chembamba kinachotetema mdomoni) kidogo tu, kwenye noti ya katikati ya mapigo, kisha hewa iivushe hadi noti ya pigo bila kugusa tena. Ukigusa kila noti, mstari unakatika kama cherehani. Kwenye 120 noti ya kwanza ya kila jozi ni ndefu. Kwenye 220 zinakaribia kulingana, na swingi, ule mwendo wa kubembea, inabaki kwenye mkazo.

5. Weka metronomu 60, uisikie kama pigo la 2 na la 4. Mizunguko mitatu bila kosa, ongeza 2, hadi 110, yaani mapigo 220.

MASWALI

— Mwalimu, nikifika 180 naitangulia ngoma.
Punguza mguu: gonga pigo la 1 na la 3 tu. Vidole visiachane na vitufe.

— Pumzi inaniishia baa ya 7.
Kwa 220, baa 12 ni kama sekunde 13. Hewa ipo, nafasi ya kupumua ndiyo hukuiacha. Maliza sentensi ya muziki mwanzoni mwa baa ya 7, nyamaza mapigo mawili, vuta, endelea.

— Kwenye G♯dim nitumie skeli gani?
Usitafute mpya, ndugu. Chukua G7 (G, B, D, F), pandisha G peke yake iwe G♯.