Kitabu cha kumlaza mtoto

Kabla hujanunua kitabu cha picha cha kumsomea mtoto usiku, kifunue mpaka ukurasa wa mwisho. Cha usiku hupoa kadiri kinavyosonga: rangi zinafifia, maneno yanapungua, hakuna anayekimbizwa. Hadithi za fisi na sungura, tamu zilivyo, zisome mchana; usiku zitakuletea maswali mpaka saa nne.

Mfano mzuri ni Goodnight Moon (yaani “Usiku mwema, mwezi”) cha Margaret Wise Brown, kilichotoka Marekani mwaka 1947. Kwenye michoro ya Clement Hurd, chumba ni kilekile lakini giza linaongezeka kidogokidogo, na saa ya chumbani inatoka saa moja usiku hadi saa mbili na dakika kumi. Kimeandikwa kwa Kiingereza, ila usijali, michoro yenyewe inatosha. Mwonyeshe mtoto picha kwa kidole, kisha, kama kitabuni, viageni pamoja vitu vya chumbani mwenu kwa Kiswahili: chandarua, ndoo, kandambili za baba.

Shusha sauti kila unapofunua ukurasa. Akisema “tena”, rudia kitabu hichohicho, usifungue kingine. Simu weka mbali, hata kama hadithi imo humo. Mwanga wake unamchangamsha.