Ukipoteza Kazi Ughaibuni, Usikae Kimya

Siku niliyokabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, mama alipiga simu jioni kama kawaida yake. Akauliza kazi inaendeleaje, nikamjibu inaendelea vizuri. Nilimjibu hivyo kwa wiki saba. Mwisho wa mwezi nikatuma fedha kiasi kile kile, nikichota kwenye akiba iliyopaswa kulipa pango. Barua iliniuma, lakini wiki saba za kujificha ndizo zilizonimaliza, kwa sababu niliwakimbia watu wale wale ambao wangenifungulia mlango mwingine. Mficha uchi hazai. Nimeona wenzangu wengi wakipita humo humo, ndiyo maana naandika haya.

Kwanza karatasi

Hili halichukui muda mrefu, ila usiliahirishe. Kama kibali chako cha kuishi kimefungamana na mwajiri, siku zako zinahesabika. Marekani, mwenye H-1B, yaani viza ya kazi ya wataalamu, huwa na hadi siku 60 baada ya ajira kukoma, au pungufu ya hapo kama kibali chake kinaisha mapema. Ndani ya siku hizo apate mwajiri mpya wa kumwombea viza, abadilishe aina ya kibali, au aondoke. Uingereza, kwa aliyeingia kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, mwajiri hutakiwa kuitaarifu serikali, na kwa kawaida barua hufuata ikikupa siku 60. Ujerumani, ukijulishwa kwamba kazi itakwisha ndani ya miezi mitatu, una siku 3 za kujiandikisha ofisi ya ajira kuwa unatafuta kazi. Ukichelewa unaweza kukosa mafao ya wiki nzima. Sheria hizi hubadilika. Muulize mwanasheria wa uhamiaji au shirika linalotoa msaada wa sheria, usitosheke na jibu la kundi la WhatsApp.

Mwombe mwajiri akuandikie sababu ya kuachishwa, siku ya mwisho ya kazi, malipo ya likizo ambazo hukuzichukua, na jina la mtu atakayekutolea ushuhuda kwa waajiri wengine. Ukiwekewa mezani mkataba wa kuachana na mwajiri, sema utausoma nyumbani kwanza. Na chukua namba za wenzako kabla akaunti yako ya ofisini haijafungwa.

Waambie nyumbani, na waambie kwa tarakimu

Aibu yetu sisi wa ughaibuni ina uzito wake. Kazi yako ni ada ya mdogo wako, ni dawa za baba, ni kiwanja ambacho ujenzi umeanza. Ukisema "nimepoteza kazi" unahisi umewaangusha watu wanane kwa mpigo. Ndiyo maana tunanyamaza, tunakopa ili tutume, na deni linakuja kutukuta tukiwa tumechoka tayari.

Anza na mtu mmoja mwenye kifua cha kutunza siri na busara ya kuwaeleza wengine. Kisha sema jambo kamili: "Mama, kazi imeisha tangu tarehe 5. Kwa miezi mitatu nitalipa ada tu, mengine yasubiri. Hali ikibadilika nitakuambia mwenyewe." Mtu akijua kiasi na muda, hahitaji kukisia, wala hakupigii kila siku kuuliza. Nilipomwambia mama hatimaye, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ninakula. Hakuuliza fedha.

Kujiamini hakurudi kwa kukaa na kusubiri

Mwaka 1933 Marie Jahoda na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria ambacho karibu kila familia ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo, nacho kikafungwa. Ungedhani watu wenye siku nzima mikononi wangesoma zaidi. Uazimaji wa vitabu maktaba ulishuka, ingawa ada ilikuwa imeondolewa. Wanaume walitembea polepole, wakasimama simama njiani, na jioni hawakuweza kueleza mchana wao ulipotelea wapi. Jahoda alionesha kwamba kazi hukupa zaidi ya mshahara: hukupangia saa, hukukutanisha na watu, hukuonesha kwamba unahitajika.

Basi vitu hivyo uvirudishe mwenyewe kabla mshahara haujarudi. Amka saa ile ile uliyokuwa ukiamka. Tafuta kazi kwa saa nne, si kumi. Saa kumi mbele ya skrini humwacha mtu akiwa hana hata nguvu ya kuongea kwenye usaili. Kila wiki uwe na angalau jambo moja ambalo mtu mwingine analisubiri kutoka kwako: kujitolea mahali, kumfundisha mtoto wa jirani hesabu, kumtafsiria mgeni anapokwenda hospitali. Mimi nakiamini hiki kuliko maneno yote ya kujitia moyo mbele ya kioo.

Lingine ni kuandika. Mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 1994, waliwaomba wataalamu walioachishwa kazi waandike kwa dakika 20 kila siku, siku tano mfululizo, yale ya moyoni kuhusu kuachishwa kwao. Miezi kadhaa baadaye, waliopata kazi walikuwa wengi zaidi katika kundi hilo kuliko kati ya wale walioandika tu jinsi wanavyopanga muda wao au wasioandika kabisa. Ajabu ni kwamba hawakuwa wametuma maombi mengi kuliko wenzao. Naelewa hivi: hasira ambayo hukuimaliza peke yako utaingia nayo kwenye usaili, na aliye mbele yako ataisikia. Andika kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwenu, kwa lugha yoyote unayoumia kwayo. Hakuna atakayesoma.

Ukimaliza hasira, andika matendo. Usiandike "mchapakazi, mwaminifu". Andika ulifanya nini, lini, kwa watu wangapi, na nini kilibadilika. Wengi wetu tumefanya kazi zilizo chini ya vyeti vyetu, na tunazificha kwenye wasifu. Mhasibu aliyelea wazee kwa miaka miwili ameandika ripoti za zamu, amegawa dawa kwa saa, amezungumza na familia zenye hofu. Huo ni ushahidi wa kuaminika kwake, uandikwe.

Kuhusu kujuana

Hapa ndipo wengi tunakwama. Kwetu neno "kujuana" lina harufu mbaya. Linanuka upendeleo na bahasha. Kwa hiyo mtu aliyelelewa vizuri anaona kuomba msaada wa kazi ni kupita mlango wa nyuma, anaendelea kutuma maombi mia kwenye tovuti na kunyamaza. Mwingine yuko upande wa pili, anamwandikia kila amjuaye, "Naomba unitafutie kazi yoyote." Ombi hilo ni zito mno. Anayelipokea hajui aanzie wapi, anajibu "tutaangalia", na mnaanza kukwepana.

Kuna njia ya katikati: omba taarifa, usiombe kazi. Na waombe watu ambao huwafikirii.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza alichokuta kwa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, katika mji wa Newton, karibu na Boston. Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara moja moja, na 27.8 kwa nadra. Mwaka 2022 watafiti waliochambua LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, wakiwa na data ya watu zaidi ya milioni 20, walikuta jambo linaloelekea huko: waliosaidia zaidi ni wale wa ukaribu wa wastani, si marafiki wa chanda na pete, wala si wasiofahamiana kabisa.

Sababu yake ni rahisi. Rafiki wa karibu anajua unachokijua. Jumuiya yetu ya watu wa nyumbani itakubeba ukifiwa au ukiugua, na hilo halina bei; lakini mara nyingi tunafanya kazi sehemu zile zile, tukisikia nafasi zile zile. Yule uliyefanya naye zamu miezi minne kisha akahama anasikia mengine.

Kaa chini uandike majina thelathini. Wenzako wa zamani, hasa waliohamia kwingine. Mteja aliyekusifu. Mwalimu wa kozi yako ya lugha. Mzazi mnayekutana naye shuleni kwa watoto. Waumini wa kanisani au msikitini wasio wa nchi yako. Kisha andikia wawili kwa siku, kila mmoja ujumbe wake:

"Habari za siku nyingi, dada. Tulifanya wote idara ya manunuzi. Nafasi yangu ilipunguzwa mwezi uliopita, na natafuta kazi ya uratibu wa mizigo. Najua sasa uko kwenye sekta hiyo. Unaweza kunipa dakika 15 wiki hii nikuulize wanaajirije? Ukiwa na shughuli, nitaelewa."

Kwa mkubwa wa jumuiya, anza na shikamoo na umpe nafasi ya heshima: mwombe ushauri, na uushike. Atakapoulizwa na wengine, jina lako litakuwa mdomoni mwake.

Katika hizo dakika 15 uliza mambo yanayojibika. Nafasi hutangazwa wapi kabla hazijafika kwenye tovuti? Cheti changu cha nyumbani wanakitambua, au kinahitaji kuthibitishwa? Na mwisho: "Kuna mtu mwingine unadhani niongee naye?" Swali hili la mwisho ndilo lililonipatia kazi. Niliyemuuliza hakuwa na nafasi, akanipa namba ya mtu, na huyo naye akanipa ya mwingine.

Onyo moja. Ukionekana unatafuta kazi, watakuja wenzetu wa kukuuzia udhamini wa viza, au kukuazima vitambulisho vya mtu ufanyie kazi. Usilipe, usiazime. Ukikamatwa utapoteza hata kibali ulichobakiwa nacho.

Katika majina thelathini, huenda kumi wasijibu. Wakumbushe mara moja baada ya wiki, kisha waache bila kinyongo. Waliokujibu wape taarifa kila hatua: "Niliongea na yule uliyenielekeza, ahsante, nimeitwa usaili Jumanne." Na ukishaajiriwa, karatasi ile ya majina itunze. Waandikie wote, pamoja na wale kumi, uwaambie uko wapi sasa na kwamba wakihitaji kuuliza chochote kuhusu mahali hapo, namba yako ni ile ile.