Alaji ukiwa na mimba: usitupe dawa zote, na usinunue ovyo kemisti

Wamama wengi hapa Nairobi wakijua wana mimba wanaacha dawa zote za alaji, ati zitadhuru mtoto, halafu Julai inafika na baridi yake, blanketi zinatolewa kabatini na vumbi lote, mtu anapiga chafya usiku kucha. Si lazima uteseke hivyo.

Anza na pua. Chemsha maji, yakipoa yakawa vuguvugu weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa vikombe viwili, inamia sinki, pumua kwa mdomo, halafu sukuma maji polepole na sirinji isiyo na sindano yaingie pua moja yatokee ile ingine. Ya mfereji bila kuchemsha usitumie hata kama yanaonekana safi. Rudia asubuhi na jioni, mtoto hayamfikii kabisa. Blanketi anika juani, na kama ukuta una ukungu tafuta mtu mwingine ausugue.

Isiposaidia, ongea na daktari ama nesi wa kliniki kuhusu dawa. Tembe za alaji kama setirizini na loratadini zimetumiwa na wajawazito wengi kwa miaka, Piriton pia, ila hiyo inaleta usingizi. Spreyi ya pua ya budesonidi nayo iko sawa. Shida kubwa ni zile tembe za homa za kuchanganywa, geuza paketi usome maandishi madogo, ukiona neno linaanza na pseudo ama phenylephrine, rudisha, hasa miezi 3 ya kwanza ama kama una presha, maana zinakaza mishipa ya damu. Na mwambie mtu wa kemisti una mimba kabla hajakupea kitu, tumbo la wiki 8 yeye haoni.

Kama uko na asma, tafadhali usiache inhela. Kifua kikibana hewa inapungua kwako na kwa mtoto, na asma ikiachwa hivyo mtoto anaweza kuzaliwa mapema ama akiwa na uzito mdogo, hiyo ndio hatari kuliko dawa.

Saa zingine pua inaziba tu na si alaji, ni mimba yenyewe inafurisha pua ndani, huisha kama wiki 2 baada ya kujifungua. Inua mto, endelea kuosha pua na maji ya chumvi.

Lakini ukiwashwa viganja na nyayo usiku bila upele wowote, sanasana miezi ya mwisho, usimeze Piriton ukalala, hiyo inaweza kuwa shida ya ini, enda kliniki upimwe damu.

Midomo ikivimba, koo likibana ama upumue kwa shida baada ya kula ama kumeza dawa, ni emajensi, hapo hapo hospitali. Lalia ubavu wa kushoto mkingoja gari, na ukiambiwa unadungwa adrenalini usikatae sababu ya mimba.