Kupata Kozi za Awali za Bei Nafuu Mtandaoni kwa Anayebadilisha Taaluma

Mkazi wa Malindi aliyesomea utalii au ualimu, na ambaye sasa anakusudia kuomba shahada ya uzamili katika sayansi ya data au afya ya umma, hukuta kwenye tangazo la chuo sharti lililoandikwa kwa mstari mmoja tu: mwombaji awe amefaulu masomo fulani ya msingi. Kwa sayansi ya data, masomo hayo aghalabu ni kalkulasi, aljebra ya mstari, takwimu na uandishi wa programu za kompyuta. Hana haja ya kurudia shahada nzima ya kwanza wala kuhamia Nairobi, kwani pengo hilo linaweza kuzibwa akiwa nyumbani.

Kabla ya kutafuta kozi yoyote, iandikie barua pepe ofisi ya udahili ya kila chuo unachokusudia kuomba. Uliza kama wanataka krediti za chuo kikuu, yaani vipimo rasmi vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada, au cheti cha kumaliza kozi kinatosha, gredi ya chini wanayokubali ni ipi, na kama kozi iliyosomwa miaka mingi iliyopita bado inahesabiwa. Barua iwe fupi na ilenge kozi moja mahususi: “Nina shahada ya kwanza ya usimamizi wa utalii. Nataka kusoma takwimu ya mwaka wa kwanza katika chuo kifuatacho, na nimeambatanisha muhtasari wa kozi. Je, mtaitambua kuwa imetimiza sharti lenu?” Jibu lao lihifadhi, kwa sababu anayepokea maombi mwakani huenda asiwe yule aliyekujibu leo. Nasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote, maana nimeona watu waliojinyima wakalipia kozi ambayo hatimaye haikuhesabiwa popote.

Tofauti ya cheti na krediti ndiyo inayowapoteza wengi. Coursera na edX, ambazo ni tovuti za kozi za mtandaoni, hutoa vyeti vya kumaliza kozi, na vyuo vingine hukubali vyeti hivyo kama ushahidi wa maarifa, lakini vingi hutaka hati rasmi ya matokeo kutoka chuo kilichoidhinishwa. Saylor Academy ina kozi za bure ambazo baadhi yake zimependekezwa na ACE, yaani baraza la elimu la Marekani linalotathmini kozi, zipewe krediti. Hata hivyo, pendekezo hilo halikifungi chuo chochote, na chuo kina uhuru wa kulikataa.

Njia ninayoiona kuwa nafuu zaidi ni kujifunza bure kwanza, kisha kulipia kozi ya krediti mara moja tu, ukiwa tayari kuifaulu. Khan Academy hufundisha hisabati kuanzia chini kabisa, na MIT OpenCourseWare huweka wazi mihadhara, mazoezi na mitihani ya aljebra ya mstari bila malipo, ingawa haitoi cheti wala krediti. Ukiweza kumaliza mitihani hiyo ya zamani bila kuchungulia majibu, hapo ndipo uandae ada.

Kwa kozi zenye krediti, anza na vyuo vilivyo karibu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati ya kuanzishwa mwaka 2023, hufundisha mtandaoni; waulize kama mtu anaweza kujiandikisha kwa somo mojamoja. UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa masafa, huruhusu kusoma masomo bila kujiandikisha kwa shahada. Vyuo vya jamii vya Marekani, yaani vile vya umma vinavyotoa hasa masomo ya miaka miwili ya mwanzo, pia hutoa kozi za mtandaoni, na anayesomea Malindi hahitaji viza ya mwanafunzi, lakini ada ya asiye mkazi wa jimbo huwa juu zaidi, basi linganisha kiwango hicho wala si kile kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Masomo ya maabara kama kemia na anatomia yanahitaji uangalifu wa ziada, kwani baadhi ya programu za afya hazikubali maabara ya mtandaoni.

Unapopiga hesabu, ongeza gharama ya vitabu, ada ya mtihani, makato ya kubadilisha fedha na bando za intaneti. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Coursera ina msaada wa ada kwa wasiojiweza. Omba mapema kwa sababu ombi huchukua siku kadhaa kushughulikiwa. Mtihani unaosimamiwa kwa kamera hauvumilii stima kupotea, kwa hiyo chaji kompyuta, weka simu yenye bando kando, na uulize mapema utaratibu ukoje mtandao ukikatika. Kazi inayotakiwa kabla ya saa sita usiku kwa saa za New York, kwetu mwisho wake ni saa moja au saa mbili asubuhi, kutegemea majira ya huko. Kozi ikiisha, omba hati ya matokeo itumwe moja kwa moja kutoka chuo hadi chuo, kwani nakala unayoituma mwenyewe mara nyingi haihesabiwi kuwa rasmi.